Imekwama, Haijafa

 Wiki hii wengi mmeniandikia inboksi mkiuliza kuhusu ile picha ya cherehani nyeusi niliyoiweka Jumamosi. Wengine mlidhani nimefungua duka la ushonaji. Mmoja aliuliza kama kanisa limeanza kukusanya vitu vya kale. Hapana. Kaa nami dakika chache, hata kama uko kwenye matatu ya kwenda Nairobi, nikueleze ilikotoka. Habari yenyewe ni ndefu kidogo na sikuombi uandike Amina mwishoni.

Tuna dada mmoja katika kanisa letu hapa Mumbuni. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisimtaje jina. Mama yake alikuwa mshonaji, na mkiwa na umri kama wangu na mlisoma shule za msingi za huku, huenda mlivaa kazi ya mikono yake. Kaptura zangu mbili za darasa la nne zilipita chini ya sindano yake. Tulimwita Mwaitu sisi sote, watoto wake na wasio wake. Alishonea barazani, mguu kwenye kanyagio, na kwa cherehani hiyo moja aliwasomesha watoto wawili baada ya mumewe kufariki.

Mwaitu alilala mwaka wa 2009. Cherehani ikaingizwa stoo. Baada ya muda kuku wakaanza kulala juu yake, na mnajua kuku wakizoea mahali.

Mwaka huu dada alifika mahali pagumu. Salio la karo ya binti yake, kodi ya nyumba miezi miwili, na deni la chama. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake na mzani wa kuning'iniza. Akaitazama cherehani na miguu yake ya chuma, akapima kwa macho, akasema shilingi 1,500 kwa yote. Dada akanipigia simu. "Pastor, niuze?"

Nilikwenda. Sikuwa na unabii wowote mfukoni, nawaambia ukweli. Nilikuwa na njia fupi tu, kwa sababu nyumba zetu haziko mbali. Nilimkuta yule kijana wa vyuma ameketi kwenye mkokoteni akingoja kwa adabu. Msimdharau, kazi yake ni halali na ina sheria yake tangu 2015, na mnakumbuka Januari 2022 biashara hiyo iliposimamishwa nchi nzima baada ya watu kukata vyuma vya nguzo za umeme. Vijana wengi walilala njaa mpaka ikafunguliwa tena. Nilimwomba anipe muda. Akacheka, akasema, "Pastor, chuma hakikimbii."

Nikashika gurudumu la mkono, lile la upande wa kulia. Halikusogea hata unywele. Dada akaniambia, "Ilikufa zamani. Hata kabla tuiweke stoo, kuna jirani aliijaribu ikakataa kushona."

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, akafa na kumwachia deni, na mdai amekuja kuchukua watoto wawe watumwa. Elisha alimwuliza ana nini nyumbani. Yule mama akajibu kwamba hana kitu, kisha akaongeza: isipokuwa chupa ya mafuta. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi na kila mara nakwama kwenye hilo neno "isipokuwa". Mtu mwenye shida husema hana kitu, halafu anataja kitu. Anakitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ameshakihesabu kuwa si kitu.

Kuna watu katika kanisa letu waliotaka tufanye harambee, tumnunulie dada cherehani mpya. Walikuwa na moyo mzuri na siwalaumu. Lakini sisi Wapentekoste tuna ugonjwa mmoja, wacha niuseme hapa kwa kuwa mnanijua: tunapenda sana kipya. Tunaomba gari jipya, nyumba mpya, msimu mpya, mafuta mapya. Mtu akiwa na kitu kilichokwama nyumbani, tunamtabiria kingine. Dada mwenyewe ndiye aliyesema hapana. Alisema kama hii inaweza kuamka, anaitaka hii. Kama haiwezi, apewe 1,500 zake.

Basi nilianza kusoma na kuuliza kuhusu hicho chuma.

Ni Singer. Jina lilikuwa bado linasomeka kwa rangi ya dhahabu chini ya kinyesi cha kuku. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka wa 1851. Hakuvumbua kila kitu, kwa maana sindano yenye tundu kwenye ncha ilikuwa tayari katika hataza ya Elias Howe ya 1846, na Singer alilazimika kumlipa Howe. Na msinisikie nikimsifu kama mfano wa ndoa. Alikuwa na watoto zaidi ya 20 kwa wanawake kadhaa. Lakini kampuni yake ilifanya jambo moja lililobadilisha nyumba za maskini: tangu miaka ya 1850 iliuza cherehani kwa malipo ya pole pole, ili mtu aanze kushona kabla hajamaliza kulipa. Gandhi, ambaye hakupenda mashine, aliitaja cherehani ya Singer kuwa miongoni mwa vitu vichache vya maana vilivyowahi kubuniwa. Huku kwetu zilijaa kwenye baraza za maduka ya Wahindi, na mafundi wetu wengi walijifunza kwenye baraza hizo.

Upande wa kulia, chini karibu na gurudumu, kuna namba iliyopigwa kwenye chuma. Hii ya Mwaitu inaanza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E. Herufi hizo zinaonyesha ilitoka kiwanda cha Kilbowie, mji wa Clydebank, Uskoti, kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1960. Muundo wake ni 15K, na K hiyo ni ya Kilbowie. Kiwanda hicho kilijengwa miaka ya 1880 na kilikuwa na mnara wa saa yenye nyuso nne, kubwa ajabu. Mnara ulibomolewa 1963. Kiwanda kikafungwa 1980. Leo kilichobaki kwa watu wa kule ni kituo cha treni ambacho bado kinaitwa Singer. Kiwanda hakipo, lakini cherehani zake bado zinashona Mumbuni, Tala, Kitui na huko ulipo wewe.

Na kuna jambo lililonifurahisha zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliunakili muundo huu wa 15, na baadaye China nayo ikafanya hivyo hivyo. Zile Butterfly mnazoziona kwa mafundi wengi mjini Machakos ni watoto wa muundo huo. Maana yake ni kwamba sindano na bobini za kawaida za dukani zinaingia kwenye cherehani ya Mwaitu bila shida. Hatukuhitaji kuagiza chochote ng'ambo.

Tulihitaji mtu wa kuifungua.

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu kaka. Dada ana kaka mmoja, fundi wa pikipiki pale steji. Alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu zamani. Aliacha kanisa, na yeye na dada yake walikuwa hawajazungumza miaka mitatu kwa sababu ya kipande cha shamba la Mwaitu. Aliposikia cherehani inauzwa, alituma ujumbe kwamba nusu ya hela ni yake. Shilingi 750. Watu walimcheka kwa hilo. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona si hela alizokuwa anadai.

Nilimwendea kazini. Sikumwalika kanisani. Nilimwambia, "Cherehani ya mama yenu imekwama, na mimi nina bisibisi moja tu ya jikoni." Akafuta mikono kwenye ovaroli, akauliza, "Imekwama au imevunjika?" Nikamwambia sijui tofauti. Akasema, "Tofauti ni kubwa, Pastor. Mtu asiyejua hiyo tofauti ndiye huvunja."

Jumamosi alikuja na kisanduku chake. Dada alikaa ndani. Sisi wawili tukaitoa cherehani uani.

Kazi yenyewe nitawaeleza vizuri kwa maana wengi mnayo mashine ya namna hii mahali fulani. Kwanza aliondoa bamba la usoni, upande wa sindano, kisha akailaza cherehani chali tukaona tumbo lake. Manyoya. Punje za mahindi. Mayai ya mende. Nyuzi za rangi zote zimejisokota nyuma ya gurudumu na chini ya kijumba cha bobini, nyuzi za sare za shule ambazo nyingine nilizitambua, ile bluu na ile ya kijani. Alizitoa moja moja kwa ncha ya sindano. Ilichukua karibu saa nzima, naye hakuwa na haraka.

Kutu ilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kilichoikamata kilikuwa mafuta. Mtu fulani, miaka ya mwisho, aliitia mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakiwekwa kwenye chuma hukaa vizuri wiki moja mbili, kisha hukauka na kugeuka gundi, na baada ya miaka huwa magumu kama varnishi. Hata mafuta halali ya cherehani yakiachwa miaka bila mashine kuzungushwa huganda. Tafakari hilo. Cherehani ilikamatwa na kitu kilekile kilichotiwa ili kuisaidia, kwa sababu hakikuwa cha aina yake. Nami nimeona Wakristo waliokwama kwa mahubiri. Walipakwa maneno matamu ambayo hayakuwa Neno, wakateleza vizuri mwaka mmoja, na sasa hawasogei.

Alichukua mafuta ya taa. Kwenye mwili wa cherehani hii kuna matundu madogo ya mafuta, mengine juu ya mkono, mengine chini. Akatia tone kwenye kila tundu, hakuruka hata moja. Kisha akaiegemeza kwenye jua. Nikauliza sasa tunafanya nini. Akasema, "Tunangoja." Joto hulainisha ile gundi, na jua la Machakos tunalo bure. (Fanyeni hivyo mbali na jiko, tafadhali.)

Baada ya saa mbili akajaribu gurudumu. Kimya. Tone tena. Jua tena. Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ua akasema, "Gongeni kidogo na nyundo!" Kaka alitikisa kichwa. Akanionyesha kwamba mwili wa cherehani na miguu yake ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo kina nguvu ajabu kwa kubeba mzigo, lakini hakikunjiki. Ukikigonga hakibonyei kama bati la gari. Kinapasuka, na kikipasuka hakuna fundi wa Machakos atakayekirudisha vizuri. Hata skrubu zake hakukubali zifunguliwe na bisibisi yoyote tu. Alichukua bisibisi yake, akainoa kwa tupa mpaka ikakaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, kwa sababu bisibisi nyembamba hung'oa kingo na baada ya hapo skrubu haitoki tena.

Nilipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa neno moja la Kiyunani ambalo nililiandika kwenye daftari kwa ajili ya mtihani na kulisahau: *katartizo*. Siku ile uani lilinirudia. Ni neno linalotumika Mathayo 4:21, pale Yesu anapowakuta Yakobo na Yohana chomboni pamoja na baba yao wakitengeneza nyavu zao. Wavu uliochanika hautupwi. Mvuvi hukaa nao mapajani, tundu kwa tundu. Na neno lilelile Paulo analitumia kwa Wagalatia, sura ya 6 mstari wa 1, anapoagiza watu wa Roho wafanye nini na ndugu aliyenaswa katika kosa. Wamrudishe. Wamtengeneze kama wavu. Na anaongeza namna: kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Siku zote nilidhani upole pale ni tabia nzuri ya Kikristo, kama kusalimia watu. Pale uani nikaona ni ufundi. Upole ni kujua kwamba kilicho mbele yako ni chuma cha kumimina.

Tulimaliza Jumamosi ya kwanza bila gurudumu kusogea. Jioni kaka akaifunika kwa gunia. Kesho yake, Jumapili, niliwahubiria habari nyingine kabisa, lakini nakiri akili yangu ilikuwa chini ya gunia.

Jumamosi ya pili, saa tano hivi, gurudumu lilisogea. Si mzunguko, unene wa kucha. Kaka hakulisukuma mbele. Alilirudisha nyuma lilikotoka, kisha mbele tena, nyuma, mbele, kila mara kidogo zaidi, tone la mafuta ya taa katikati. Uchafu mweusi ukaanza kutoka kwenye matundu kama wino. Tulikuwa tukifuta kwa matambaa na mswaki mkuukuu. Ilipofika robo ya mzunguko, dada akatoka nje na vikombe viwili vya chai. Akanipa mimi kimoja. Akamwekea kaka yake kingine juu ya jiwe, akasema, "Sukari ni kama ya zamani." Basi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kwa miaka mitatu. Kaka akanywa, akasema imetosha.

Saa nane mchana gurudumu lilizunguka lote. Nawaambia, sindano ilipopanda na kushuka mara ya kwanza, nilipiga kelele mpaka jirani wa nyundo akaja mbio.

Vingine vilikuwa vya kawaida. Mafuta ya taa si ya kulainisha bali ya kuosha tu. Yakiachwa peke yake chuma kinabaki kikavu. Kwa hiyo kila tundu lilipata mafuta halali ya cherehani, kichupa cha shilingi mia moja. Mkanda wa ngozi ulikuwa umekauka na kukatika, tukanunua mwingine mjini, tukaukata kwa kipimo. Hatukuisugua kwa spiriti, kwa sababu ile rangi nyeusi ya zamani na maua yake ya dhahabu hukaa chini ya lakri inayoyeyuka kwa spiriti. Ukitaka ing'ae sana utafuta na jina. Meza ya mbao ndiyo iliyotushinda. Mchwa walikuwa wameimaliza kwa ndani, ukibonyeza inaingia kidole. Hiyo hatukuibembeleza. Iliingia jikoni kama kuni, na seremala akatengeneza nyingine ya grevilea.

Ngoja nikae kwenye meza hiyo kidogo, kwa maana najua jinsi mahubiri yanavyotumiwa vibaya nyumbani. Mtu asichukue habari hii ya cherehani akaenda kumwambia mwanamke anayepigwa kwamba avumilie, ndoa yake imekwama tu, atie tone la mafuta. Hapana. Kilichokwama na kilicholiwa na mchwa si kitu kimoja, na anayekupiga anahitaji polisi na wewe unahitaji mahali salama, ndipo mambo mengine yazungumzwe. Ukiwa katika hali hiyo usiku huu, nipigie mimi au mama mchungaji saa yoyote. Hatutakuhubiria.

Sasa sikilizeni lililotokea baada ya kila kitu kuwa sawa. Kaka alinunua sindano mpya, akaiweka, tukatia uzi, akakanyaga. Cherehani ikaimba vizuri kabisa. Na haikushona. Uzi wa juu unashuka, unapanda, kitambaa kinasogea, lakini hakuna mshono. Unakivuta kitambaa, uzi unatoka wote kama haujawahi kuingia. Alifungua, akafunga. Akakaza uzi, akalegeza. Siku nzima. Dada akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo yule jirani alivyosema, ilikataa kushona." Niliona uso wake ukirudi kwenye ile shilingi 1,500.

Tukamwita mama mmoja mzee aliyefundishwa kushona na Mwaitu miaka ya nyuma. Alikuja na fimbo yake pole pole. Alikuwa hajaiona cherehani hiyo tangu mazishi. Aliigusa kwanza juu, kama unavyomgusa mtoto kichwani. Kisha akainama, akatazama sindano, akasema, "Inaangalia kwingine."

Wapendwa, sindano ya cherehani ina upande mmoja bapa kwenye shina lake, na ina mfereji mrefu upande wa pili. Uzi unapaswa kuingia kutoka upande wa mfereji. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo upande ule mwingine, na hapo ndoano ya chini inapita, inakamata kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, na nyuzi mbili zinakumbatiana katikati ya kitambaa. Sindano ikigeuka, kitanzi kinafanyika mahali ambapo ndoano haipiti. Ndoano inazunguka tupu. Kila kipande kinafanya kazi yake na hakuna kinachoshonwa.

Kaka alikuwa ameiweka mpya vilevile alivyoikuta ile ya zamani imekaa. Na ile ya zamani iliwekwa na yule jirani, mwaka 2009, aliyeijaribu akaitangaza imekufa. Yule mama akalegeza skrubu moja, akaigeuza sindano nusu mzunguko, akaikaza. Akamwambia dada, "Kaa wewe. Ni ya mama yako."

Dada alikanyaga. Mshono ukatoka mdogo, uliolala sawa, mstari wa kwanza baada ya miaka mingi. Hakuna aliyesema kitu. Kaka alitoka nje, akasema anaenda kutazama pikipiki yake, ingawa alikuja kwa miguu.

Mnajua katika Matendo 9, Petro anapofika Yafa chumba cha juu, Tabitha, ndiye Dorkasi, amelala amekufa. Wajane wamesimama wanalia na wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Zamani nilidhani wanaeleza huzuni. Sasa nadhani walikuwa wanatoa ushahidi. Walikuwa wanamwonyesha mishono. Niliporudi nyumbani siku ile nilimwuliza mama yangu kama ile kaptura ya darasa la nne bado ipo. Haipo. Aliigeuza kitambaa cha kupigia deki mwaka wa 1990 na kitu.

Sitawadanganya kuhusu yaliyofuata, kwa sababu naona shuhuda nyingi mitandaoni zinazoishia na gari. Cherehani haijalipa karo yote. Wiki tatu za kwanza iliingiza shilingi 2,300, nyingi zikiwa za kupunguza sketi na kubadilisha zipu. Dada alienda shuleni akakubaliana nao alipe kidogo kidogo, na kanisa likaweka sehemu ya kwanza. Kodi amelipa mwezi mmoja. Kesi ya shamba bado iko kwa wazee, na nimeambiwa kikao kijacho wote wawili watakuja, jambo ambalo halikutokea vikao viwili vilivyopita. Kaka hajarudi kanisani. Jumapili iliyopita alikuja mpaka langoni kumletea dada yake mkanda wa akiba, akasikiliza nyimbo mbili akiwa amesimama nje na helmeti mkononi, akaenda zake. Tafadhali, mkimwona steji, msimhubirie. Mpelekeni pikipiki zenu.

Yule kijana wa mkokoteni alipita tena. Nilimwambia haiuzwi. Akainama kuitazama ikishona, akauliza dada kama anaweza kumshonea mfuko wa suruali uliochanika. Alishonewa. Alilipa shilingi 50.

Sasa tangazo. Kaka amekubali kukaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye uwanja wa kanisa, kuanzia saa tatu asubuhi, na yule mama mzee atakuwepo kama magoti yatamruhusu. Kama una cherehani stoo, chini ya kitanda, au kwa shosho yako kule Kathiani, ilete. Usiitie mafuta ya kupikia. Usiigonge. Usiing'arishe kwa spiriti. Kama gurudumu halisogei, usilazimishe, iache hivyo hivyo. Washirika na wasio washirika karibuni, hatutauliza unasali wapi. Mafuta ya taa tunayo. Njooni na matambaa, na sindano mpya kama unaweza, kwa sababu zile tulizokuwa nazo zimebaki mbili.